Tuta la Chiriku

Jumatatu, 5 Januari

Wifi ndiye aliyenishauri niandike. "Wewe wifi yangu ukiwa na jambo unanuna wiki nzima, halafu siku ya siku unamlipukia muuza nyanya ambaye hata hajui kosa lake. Andika, basi, utuponye sisi tunaokula nawe." Nimechukua daftari langu la vipimo na kuligeuza. Mbele ni viuno na mabega ya watu, nyuma ni mambo yangu mimi.

Jambo lenyewe ni hili. Leo wamebandika ramani kwenye ukuta wa duka la Mama Duka. Mashindano ya kimataifa ya magari ya umeme yanakuja. Msimu mpya utafunguliwa hapa mjini kwetu, Jumamosi ya mwisho ya Februari, na magari hayatakimbia uwanjani bali katika barabara hizi hizi tunazokwenda nazo sokoni. Mtaa mzima umetoka kuisoma hiyo ramani. Barabara yetu wameichora kwa wino mwekundu, imenyooka kama rula, na wanasema hapa ndipo mwendo utakapokuwa mkali kuliko sehemu zote.

Niliitafuta nyumba yetu kwa kidole nikaiona. Nikalitafuta tuta. Halikuwepo.

Jumanne, 6 Januari

Joto. Nimetia zipu sketi za watu wawili. Sijasema kitu.

Alhamisi, 8 Januari

Nimesoma nilichoandika Jumatatu nikaona nimeandika kama mtu anayejificha. Acha niseme.

Tuta liko mbele ya dirisha langu, pale pale nilipoweka cherehani. Mwanangu aligongwa na gari hapo, alasiri, akitoka shule na mkoba mgongoni. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza darasa la kwanza. Tulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Alikuwa anaanza kunihadithia mambo ya shule akiwa bado ng'ambo ya barabara, kwa sauti, na mimi namjibu kutoka dirishani. Baada ya mazishi nilikwenda baraza la mji kudai tuta. Nilikaa kwenye benchi lao mpaka makarani wakanibatiza jina, Mama Tuta. Walipochoka na mimi wakakubali. Aliyelijenga ni mume wangu mwenyewe, maana ni nyapara wa kikosi cha barabara. Alilijenga siku ya mapumziko, yeye na watu wake, mimi nikiwa dirishani.

Tangu hapo kila gari linalopita nalisikia. Du, magurudumu ya mbele. Du, ya nyuma. Kila du, du ni dereva aliyepunguza mwendo, na mtoto wa mtu aliyefika kwao. Wengine hulala kwa redio, mimi hulala kwa hiyo.

Ndani ya nyumba jina la Chiriku halitajwi. Mume wangu hajalitamka tangu makaburini. Zamani mtaa wote waliniita Mama Chiriku, kisha wakaona haya, wakahamia kwenye "Fundi". Mume wangu yeye ananiita kwa kukohoa.

Na kiatu. Alikuwa na viatu vya plastiki, vyekundu, vyenye kishikizo cha chuma. Nilikabidhiwa kimoja. Cha pili hakikuonekana, nami nilikitafuta mtaroni mpaka watu wakaja kunishika mikono kunirudisha ndani. Hicho kimoja kimo ndani ya droo ya cherehani, chini ya mabaki ya vitambaa.

Jumatatu, 12 Januari

Amekuja mhandisi wa mashindano, anapita nyumba kwa nyumba akisukuma kigurudumu cha kupimia. Kijana mwenye adabu, viatu vinang'aa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu, ila usinikanyagie vitambaa."

Akaruka vitambaa kama anavuka kijito, akaketi. Akaeleza. Magari haya matumbo yake yako chini sana, sentimita chache tu kutoka kwenye lami. Kila sentensi yake ilikuwa na sentimita ndani, hata nikaanza kumwita hivyo moyoni, Bwana Sentimita.

"Gari likikutana na tuta hili kwa mwendo ule, mama, litaruka kama panzi."

"Si lipunguze?"

Akacheka. Kisha akaniangalia usoni, akaacha kucheka. "Ni mashindano, mama."

"Na tuta?"

"Tutalikwangua. Mashindano yakiisha tunalirudisha kama lilivyokuwa. Nakuahidi."

"Ahadi ni deni, mwanangu."

"Najua, mama."

Nilimwambia ni kwa nini tuta lipo. Akainamisha kichwa, akasema pole. Sikuona unafiki ndani ya pole yake. Alipoondoka aliruka tena vitambaa vyangu.

Jioni mume wangu alirudi, akanawa mikono kwa mafuta ya taa kutoa lami, kisha kwa sabuni, kama kawaida yake. Tulipokaa kula nikamwambia.

"Nimesikia," akasema.

"Umesikia nini?"

"Kwamba litakwanguliwa." Akaendelea kula.

Nilitamani nimmwagie bakuli la mchuzi kichwani. Nimeolewa na jiwe mimi.

Alhamisi, 15 Januari

Wifi amepata kibarua cha kushika bendera kwenye kona ya mashindano. Ameruka ruka ukumbini mpaka taa ikatikisika. Mwanamke mzima!

Jumapili, 18 Januari

Wifi anafanya mazoezi ya bendera kwa vitambaa vyangu. Amenipanga mimi niwe dereva, nimekaa kwenye kiti nikishika sufuria kwa mikono miwili.

"Nyekundu! Unafanyaje?"

"Nasimama."

"Kijani!"

"Nakwenda zangu."

"Njano!"

"Sijui. Naenda msibani?"

"We wifi! Njano ni hatari mbele. Punguza mwendo, na usimpite mwenzako. Dereva akipuuza anaadhibiwa."

"Hata akiwa anaongoza?"

"Hata akiwa mtoto wa mfalme."

Mume wangu alikuwa mlangoni akitutazama. Nilidhani atatabasamu, maana wifi alikuwa amejifunga mtandio kichwani akionekana kituko. Akageuka akaenda zake nyuma. Mimi nikabaki na sufuria mkononi, nikifikiri kwamba siku ile hapakuwa na mtu yeyote barabarani mwenye kitambaa cha njano.

Jumanne, 20 Januari

Nimeletewa kazi ya kushona hizo bendera. Wifi ndiye aliyenitaja huko. Nimekataa asubuhi, nimekubali jioni. Nikikataa atashona mwingine, naye atashona ovyo, na wifi yangu atasimama konani na bendera inayofumuka. Lakini ningekuwa muongo nikisema mkono haukuwa mzito nilipokata kitambaa cha kwanza.

Ijumaa, 23 Januari

Njano siku nzima. Nikifumba macho naona njano.

Jumamosi, 24 Januari

Mafundi wanachomelea mifuniko ya mashimo ya maji taka ili magari yasiinyonye yakipita. Kumbe gari linaweza kung'oa mfuniko wa chuma kwa kupita juu yake tu. Pembezoni wamepanga vizuizi vya saruji. Mtaa umekuwa kama mfereji.

Nilikwenda kununua sukari. Mama Duka amepaka duka rangi mpya, anangoja wageni, "mgeni njoo mwenyeji apone" haimtoki mdomoni. Akanambia, "Fundi, barabara ikibaki laini hivi si itakuwa raha? Hata lile tuta, kusema kweli, linavunja mayai yangu kila mzigo ukija. Yaliyopita si ndwele, mama, tugange yajayo."

Niliiacha sukari yake mezani nikatoka. Chai tumekunywa chungu, na hakuna aliyeuliza.

Jumatano, 28 Januari

Leo nimepigwa na butwaa.

Matuta yote ya njia ya mashindano yatakwanguliwa na kampuni yenye mashine kubwa. Yote, isipokuwa letu. Letu atalikwangua mume wangu. Nilidhani amelazimishwa, nikaanza hata kumhurumia. Wifi akauma midomo, akainama, akasema, "Wifi, hakulazimishwa. Ameomba mwenyewe. Ameenda mpaka ofisini kwao kuomba."

Kuomba! Mtu anaomba kazi ya kubomoa kaburi la mwanawe. Maana kwangu lile ndilo kaburi. Kule makaburini nimekwenda mara chache, ni mbali, na kumekauka. Hapa ndipo ninapomsalimu kila asubuhi nikifungua dirisha.

Nilimwuliza kwa nini. Akakohoa. Akasema, "Ni kazi yangu." Sikutaka kusikia zaidi, na yeye hakuwa na zaidi.

Jumanne, 3 Februari

Walikuja baada ya chai ya asubuhi. Mashine kubwa ilikuwa imesimama mwisho wa barabara na dereva wake juu. Mume wangu akaionyesha kiganja, isisogee. Akapiga magoti. Akachukua patasi na nyundo, akaanza kulibomoa tuta kwa mkono, kipande kwa kipande, kama mtu anayemenya. Watu wake wakasimama pembeni na makoleo yao, hakuna aliyesaidia. Bwana Sentimita akaja mbio. Niliwasikia.

"Mzee, mashine ingemaliza mara moja. Tuna ratiba."

"Ngoja."

"Mzee, lakini..."

"Nimesema ngoja."

Watu walikuwa wamejaa kutazama. Niliona aibu, nikaona hasira. Nilidhani anafanya vile ili mtaa umwone jinsi anavyojua kazi. Nilidhani ameamua kuling'oa hadi mzizi, asibakishe alama yoyote ya kumkumbusha. Nikafunga dirisha kwa kishindo, nikakaa kwenye cherehani, nikashona. Ile bendera ya njano imetoka pindo limepinda kama njia ya konokono. Sijawahi kushona pindo baya namna ile tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi.

Nyundo ikaendelea kugonga. Baadaye ikanyamaza. Kisha ndipo ikaja mashine ikalamba kilichobaki, na nilipofungua dirisha barabara ilikuwa tambarare, nyeusi, kama kwamba mwanangu hakuwahi kupita hapo.

Aliporudi ndani alikuwa na gunia dogo begani. Sikuuliza ni la nini. Nilimwambia, "Umemzika mara ya pili." Nilitaka maneno yamchome na yalimchoma, nilimwona. Alikwenda nyuma na gunia lake, kwenye kibanda cha zana, hakurudi mpaka chakula kikapoa.

Alhamisi, 5 Februari

Gari la mkate limepita kama mshale. Hakuna du. Hakuna du.

Ijumaa, 6 Februari

Hakuna.

Jumatatu, 9 Februari

Bendera zimekwenda zote na moja imerudi, ile ya pindo lililopinda. Karani wao alikuwa na haya kunirudishia. Nikamwambia lete, kitambaa hakitupwi. Nimeikunja nikaiweka kwenye droo, juu ya kiatu.

Jumamosi, 14 Februari

Mvua imeanza. Imenyesha juu ya barabara laini na maji yanapita moja kwa moja bila kupata pa kusimama.

Simsemeshi mume wangu. Akikohoa, mimi nakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi.

Jumanne, 17 Februari

Mvua. Wifi ameleta sare yake ya rangi ya machungwa niipunguze kiuno. Akaniambia nikiendelea kununa hivi hata cherehani itaomba talaka. Nilicheka kabla sijajizuia.

Jumapili, 22 Februari

Naandika polepole leo, nisije nikaruka kitu.

Asubuhi wifi alinikuta jikoni. Hakuwa na utani. "Umeiangalia mikono ya kaka?"

"Mikono yake ina nini?"

"Tangu siku ile ya tuta imejaa malengelenge yaliyopasuka, na anainawa kwa mafuta ya taa kila jioni bila kugutuka. Mtu wa lami mwenye mikono kama gome la mti, malengelenge ya nini? Alikataa mashine, wifi. Alikuwa anatafuta kitu."

Nilikwenda kwenye kibanda. Alikuwa amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, mvua inagonga bati, na lile gunia liko miguuni pake. Hakushtuka kuniona. Akahamia kwenye tofali, akaniachia ndoo.

"Kiatu cha pili nilikiona mimi," akasema.

Sikuelewa.

"Kesho yake asubuhi. Kilikuwa kimeingia chini ya majani, mtaroni. Wewe ulikuwa umelazwa ndani na wanawake wamekuzunguka. Nikakitia kwenye mfuko wa zana. Nikasema nitakupa ukipata nguvu. Ulipopata nguvu ukaanza kwenda baraza, unarudi una kiu na vumbi, nikasema nitakupa kesho. Kila siku kesho."

Sauti yake ilikuwa ngeni. Sikuwahi kumsikia akiunganisha maneno mengi hivyo tangu enzi za uchumba.

"Siku tuliyojenga tuta nilikiweka chini. Kabla ya kumwaga lami. Nikakilaza pale pale. Nilitaka awe na ulinzi. Nilitaka kila gari linalopita hapo liiname kidogo kwa ajili yake, hata kama dereva hajui."

"Ndiyo maana hukutaka mashine."

"Mashine ingekisaga ikakitupa kwenye lori na takataka nyingine. Sikuweza."

Akafungua gunia. Ndani mna bonge la lami, kubwa kama mkate. Akaligeuza upande. Nikaona mfuo mwekundu, mwembamba, umejikunja ndani ya weusi kama mshipa. Na kishikizo cha chuma kimetokeza, kizima, bado kinafunguka na kufungika.

"Nimeifanya kazi hii tangu ujana wangu," akasema. "Nawafokea vijana kila siku, vaeni glavu, lami ni moto, itawachuna ngozi. Na siku ile mimi, nyapara mzima, sikukumbuka kwamba lami ni moto. Nilikumbuka tulipokwisha kumwaga. Niliona moshi kidogo, wa rangi nyingine. Watu wangu wamesimama na makoleo, na wewe uko dirishani unatutazama. Ningesema nini? Nikasawazisha."

Alilia. Mume wangu analia bila sauti, mabega tu. Kumbe miaka yote hii, mimi nikisikia du, du na kutulia, yeye alikuwa akisikia du, du na kuona ule moshi. Nilikuwa nikimwita jiwe. Nilimwambia amemzika mara ya pili, na alikuwa ametoka kumfukua kwa mikono yake.

Nilimwomba msamaha. Sijui kama nilitumia neno lenyewe. Nilimshika mikono yake mibovu, nikaipaka mafuta ya nazi, kisha nikaenda kwenye droo, nikaleta kiatu kingine. Tukaviweka pamoja juu ya meza ya zana, kimoja chekundu, kidogo, kama kilichovuliwa juzi, kingine bonge la lami.

Akafungua mdomo kulitaja jina. Niliiona Ch ikija. Haikutoka. Akakohoa.

Jumatano, 25 Februari

Mvua imepumzika. Wageni wamejaa mjini na Mama Duka ameishiwa maji ya chupa. Kibanda nimekifagia, viatu vimo humo juu ya rafu.

Jumamosi, 28 Februari

Nilisema sitatazama. Nilitazama.

Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele. Hayakuja. Nilisikia mvumo mwembamba kwa mbali, ukapanda, ukapanda, na nikautambua. Ni sauti ya cherehani zikikanyagwa zote kwa pamoja, chumba kizima cha mafundi wanaowahi sikukuu. Yakapita mbele ya dirisha, moja, jingine, jingine, macho hayafuati, na upepo wake ukapeperusha vitambaa vyangu mezani. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Niliogopa, maana gari la siku ile angalau lilikuwa na mngurumo. Hili mtoto angelisikiaje?

Mume wangu alisimama nyuma yangu, mkono wake juu ya mgongo wa kiti.

Yalipozunguka mara nyingi, kukasikika kishindo upande wa kona. Gari moja limejibamiza kwenye kizuizi. Nilimtafuta wifi. Alikuwa juu ya kijukwaa chake, miguu ameitanua, hakuruka wala hakupiga kelele, anapunga bendera ya njano kwa nguvu zake zote. Mbele yake mwingine akainua ya njano, na mwingine, mpaka hapa karibu na dirisha letu. Zote ni za mkono wangu. Ninayajua mapindo yangu.

Na magari yakapunguza. Yale yaliyokuwa hayashikiki kwa macho yakaja polepole, yamepangana, hakuna anayempita mwenzake, yakapita mahali palipokuwa na tuta kama watoto wanaotoka msikitini au kanisani, kwa adabu. Niliona mpaka macho ya dereva mmoja ndani ya kofia yake. Hakuna lami iliyowainamisha, ni kitambaa tu.

Nililia nikitazama. Mume wangu alinishika bega. Yule dereva wa konani alitoka mzima, akatembea kwa miguu yake, watu wakapiga makofi. Aliyeshinda simjui.

Jumatatu, 2 Machi

Wameondoa vizuizi. Tunangoja tuta letu.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Lami haimwagwi kwenye mvua, hilo najua.

Jumanne, 10 Machi

Jua kali siku tatu. Hakuna aliyekuja.

Ijumaa, 13 Machi

Nimekwenda baraza. Benchi ni lile lile, makarani ni wapya. Wakanipa namba ya Bwana Sentimita. Yuko mji mwingine, msimu umehamia huko. Alinitambua kwa sauti.

"Mama, nilikuwa nakuwaza."

"Hukuwaza hadi kupiga simu."

Akasema baraza limetia saini, mashindano yatarudi hapa msimu ujao na ule wa baada yake. Kwa hiyo barabara itaachwa hivi hivi. Wakilijenga watalikwangua tena, wakilijenga watalikwangua tena.

"Niliahidi kabla sijaambiwa hayo, mama. Nisamehe."

Sikumtukana. Nilitaka, sikupata nguvu. Huyu angalau alikuwa na haya, na wenye saini hawakuwa na simu ya kupigiwa. Nilimwambia mume wangu, naye akakaa kitako kwenye ngazi ya mlango na buti zake, hakuzivua.

Jumatano, 18 Machi

Mama Duka amekuja mwenyewe mpaka kwangu, yeye ambaye huita watu kwa kupiga meza. Alasiri gari la mkate limemkosa mtoto wa shule mbele ya duka lake. Limemkosa kwa unyoya. Mkoba wake ndio uliogongwa, ukaruka.

"Nilisema maneno mabaya siku ile," akasema. "Yaliyopita ni ndwele, mama. Mimi sikujua." Akaweka mezani ile sukari yangu. Aliitunza miezi miwili, mjinga huyu. Tukanywa chai, yeye na mimi na wifi, tamu sana, hakuna aliyeimaliza.

Alhamisi, 19 Machi

Nimefungua droo. Nimeitazama ile bendera ya pindo bovu siku nzima.

Jumatatu, 23 Machi

Leo alasiri, shule zilipokuwa zinakaribia kutoka, nilimwomba wifi fimbo yake ya mazoezi. Nikaiingiza kwenye pindo. Kwa kuwa limepinda, bendera inaning'inia upande, kama mtu mwenye kibyongo. Nikatoka nje. Nikasimama barabarani, pale.

Tangu siku ile sikuwahi kukanyaga mahali pale, nilikuwa napita kando.

Gari la kwanza lilipiga honi. Nikapunga. Likapiga honi tena. Nikapunga kama wifi alivyopunga, miguu nimeitanua, na likapunguza, likasimama. Watoto wakavuka, wanacheka bendera yangu. La pili likasimama. Mama Duka akatoka na kiti cha plastiki akakiweka kando, "ukichoka, Fundi". La tatu lilikuwa gari la mkate. Lilisimama karibu mno na goti langu, dereva akatoa kichwa dirishani.

"We mama, una wazimu? Nani amekupa ruhusa ya kufunga barabara? Wewe ni nani?"

Sikuishusha bendera. Niko hapo na kitambaa, na watoto wengine wamejipanga ukingoni wakingoja kauli yangu.

Nikasikia kikohozi nyuma. Mume wangu alikuwa ametoka kazini, buti zina lami, koti la kikosi mwilini. Alipita mbele yangu taratibu, akaweka kiganja juu ya boneti ya lile gari, kama alivyoisimamisha mashine siku ile.

"Huyu ni Mama Chiriku," akasema. "Anavusha watoto."

Alisema kwa sauti, mtaa mzima ukasikia. Dereva akarudisha kichwa ndani.

Mtoto mmoja mdogo wa darasa la kwanza, mkoba unamzidi mgongo, alikuwa amemshika mume wangu suruali. Akamwuliza, "Chiriku ni nani?"

"Ni binti yangu," mume wangu akasema. "Anapenda sana kuongea. Haya, vuka."

Niliinua bendera, mtoto akavuka.